Namna ya Kusikia Baridi kwenye Nyuzi 23

Mwongozo huu ni wa mtu aliyehamia Jambiani mwezi wa Mei. Huenda ni mwalimu aliyepangiwa skuli, huenda ni mstaafu aliyejenga kibanda cha kupumzikia, huenda ni bwana harusi aliyeoa huku kwetu akidhani ameoa mtu mmoja. Wote wamefika wakati mgumu. Masika ndiyo yanamalizia, hoteli nyingi zimefunga mpaka Juni, makuti ya paa yamelowa hadi yananuka, na kila mwenyeji anayesalimiwa anajibu huku akimtazama mgeni juu ya bega, upande wa baharini. Mgeni asione kadharauliwa. Hatazamwi yeye, unatazamwa upepo: kama kusi limeingia au linatishia tu.

Kusi likiingia, kipupwe kiko mlangoni. Na kipupwe, kwa watu wa pwani ya mashariki ya Unguja, ni baridi, tena baridi kali, na hilo halina mjadala. Mgeni atafungua simu alfajiri ya Julai, ataona imeandikwa nyuzi 23, atataka kucheka. Asicheke mbele za watu. Simu haijapata kuamka saa kumi na moja ikatawadha kwa maji ya kisima.

Kusikia baridi kwenye nyuzi 23 ni ufundi, na ufundi huanza na vifaa. Panda gari ya 309 hadi mjini ukatafute sweta la mtumba. Chagua lile zito lenye picha ya theluji na mnyama mwenye pembe za matawi, lililofumwa kwa ajili ya watu ambao kwao hata maji ya bahari huganda. Hilo ndilo linaloheshimika. Ongeza kofia ya sufu ya kushuka hadi masikioni, na soksi za kuvalia ndani ya ndara, utakazozisukuma kwa kidole gumba mpaka zikubali kupitisha mkanda. Juu ya vyote, kikoi. Ila usivae vyote kwa mpigo. Baridi huongezwa kidogo kidogo: soksi mwisho wa Mei, kofia Juni, sweta siku kusi litakapoangusha nazi ya kwanza, ili Agosti ikifika uwe bado na kitu cha kuongeza. Aliyemaliza nguo zake zote mapema hana tena njia ya kuwaonyesha majirani kwamba hali imezidi kuwa mbaya.

Kulalamika nako kuna kanuni zake. Utakutana njiani na bi mkubwa anatoka kisimani.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?

— Salama, bibi.

— Na baridi hii?

— Kali, bibi.

— Kali wapi? Hii hata haijaanza.

Kesho yake utajirekebisha, utasema si kali sana. Hapo ataita jirani aje amwone kijana asiye na mifupa. Jibu linalokubalika ni kukunja mikono kifuani, kuvuta pumzi kwenye meno, na kusema Alhamdulillah. Umesema yote na hujasema lolote. Na usithubutu kuilinganisha baridi ya mwaka huu na ya mwaka wowote uliopita. Hiyo ni milki ya wazee. Wao wanayo baridi moja waliyoipata kabla wewe hujazaliwa, inayozidi makali kila kipupwe kinapoingia, na mgeni haruhusiwi kuwa na ya kwake.

Kuna watu wawili ambao hutawategemea katika jambo hili. Wa kwanza ni kijana wa Kimasai anayelinda hoteli ya jirani. Kwao ni juu huko Arusha, ambako asubuhi ng'ombe hutoa moshi puani. Ukimlalamikia baridi ya Jambiani atakuitikia kwa adabu, kisha atageukia upande wa pili na mabega yatamtikisika. Mwache. Wa pili ni Mtaliano. Julai na Agosti kwao ni likizo ya kiangazi, hoteli zimekwisha kufunguliwa, na anashuka kwenye ndege akiwa tayari amevua nusu ya nguo. Basi kwenye mchanga mmoja, saa ile ile, atapita bibi mwenye kanga mbili na sweta, na mbele yake Mtaliano mwenye kitambaa kisichotosha kufunikia sahani ya kashata. Kila mmoja humwonea mwenzake huruma. Ni katika nyakati chache ambapo wageni na wenyeji wa kijiji hiki huwa na hisia moja.

Sasa twende barazani, maana huko ndiko kipupwe kinakoishi.

Kaskazi linapovuma, tangu Desemba hadi Machi, wanaume wetu huwaoni mchana. Wako nje ya mwamba wanatafuta jodari na nguru, au wamelala kwa sababu usiku walikuwako huko. Kusi likikaza mambo hugeuka. Nje ya mwamba bahari hupandisha mawimbi ambayo mwenye ngalawa hana sababu ya kugombana nayo. Ngalawa huvutwa juu mchangani, wachache hutega madema ndani ya mwamba, wachache zaidi hutoka siku upepo ukilegea, na waliobaki hukaa. Huo si uvivu, na nisisikie mtu akiuita hivyo. Udhuru huu una karne kadhaa. Majahazi ya Omani na Ghuba yalikuwa yakishuka huku na kaskazi na kupanda na kusi, na kila nahodha mwenye akili alipanga awe ameshaondoka kabla ya Juni, au asubiri mpaka Agosti iishe, kwa sababu katikati hapo kusi halina masikio. Mwanamume wa Jambiani akikwambia leo hatoki, nyuma yake wamesimama manahodha wa Suri na wa Maskati wanatikisa vichwa kumuunga mkono.

Kwa hiyo tafuta nafasi barazani, lakini usiitafute haraka. Sehemu ya ukutani, isiyopigwa na upepo, ina wenyewe. Huandikwi jina pale, ila ukikaa utaona watu watatu wamesimama mbele yako bila kusema kitu. Anza pembeni, karibu na ndara za watu. Muuza kahawa akipita, nunulia wenzako kimya kimya. Kahawa chungu na kipande cha kashata vimewahi kuwapandisha watu cheo kuliko shahada. Ukijua bao, fungwa. Ukijua sana, fungwa kwa shida, ili mzee aliyekufunga apate la kusimulia.

Halafu kuna utabiri wa upepo, ambao ndio mtihani wenyewe. Upepo hautabiriwi kwa siku. Ukisema kesho litatulia, kesho itakuja, na barazani hakuna msahaulifu. Sema "halijakaa sawa". Maneno hayo hayajapata kukosea. Kabla ya kuyasema, simama, tazama vilele vya minazi, tazama mstari mweupe wa povu kule mwambani, kisha guna. Guno ni nusu ya utabiri. Asubuhi bahari ikilala kabisa, sema "linavuta pumzi". Mchana upepo ukirudi, wageukie wenzako taratibu na usiseme neno. Watakumbuka wenyewe kwamba ulishasema. Ikitokea haukurudi kabisa, na bahari imetulia mpaka magharibi, nenda nyumbani mapema.

Wazee wenye elimu yao wataingiza hesabu ya miongo, siku kumi kumi kuanzia mwaka mpya wa Nairuzi, ambayo mabaharia wa pwani hii waliitumia kujua wakati wa kwenda na wa kurudi. Ni hesabu ya kweli na inastahili heshima, nayo ina faida kuliko taarifa nyingi za hali ya hewa ninazozisikia redioni. Wewe itikia tu. Ukiuliza leo ni siku ya ngapi ya mwongo wa ngapi, utakuwa umewapa kazi hadi adhuhuri, na kabla ya adhana kila mmoja atakuwa ameapa.

Kazi ya mikono nayo ipo, wasije wakasingiziwa. Kuna mianya ya ngalawa ya kuziba kwa kalafati, kuna tanga la kutia viraka, kuna mafuta ya papa ya kupaka ubavuni, yale ambayo harufu yake hukaa na mtu mpaka Ijumaa ya pili. Utaratibu ni kwamba fundi mmoja anafanya na watano wanaelekeza. Mgeni asikimbilie kushika nyundo, atamnyima mtu raha yake. Asimame na wale watano, aweke mikono nyuma, na kila baada ya muda aseme, "Pale chini pale." Daima kuna kitu pale chini pale.

Jambo moja tu ni la hatari barazani: usikae ukielekea baharini saa ya maji kupwa.

Siku za bamvua maji hukupwa asubuhi, saa tatu, saa nne, na yakikupwa Jambiani hayakupwi nusu. Bahari inajikusanya na kwenda zake hadi karibu na mwamba, ikaacha mchanga na vidimbwi vya kutembea hata zaidi ya kilomita moja. Saa hiyo ndipo kina mama wanaposhuka. Mmoja kofia ya ukili juu ya mtandio, mwingine suruali ya mwanawe ndani ya gauni, soksi nzito miguuni kwa ajili ya vitu vyenye miiba, fungu la kamba begani, gunia kwapani. Wanakwenda kwenye bahari ile ile ambayo barazani imethibitishwa kwamba imechafuka. Hapo mazungumzo hushuka sauti. Muuza kahawa anakumbuka vikombe vyake havijaoshwa. Mtu anauliza bei ya saruji.

Wanakwenda kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na hakifanani na kilimo chochote mgeni alichosomeshwa. Shamba lina vigingi, kamba na vitawi vilivyofungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Halina jembe wala mbolea, na mara mbili kwa siku bahari inalifunika. Mavuno yakikauka husafirishwa nje, hutolewa unga wa kugandishia, na mtu wa mbali huupata kwenye dawa ya meno na kwenye aiskrimu bila kujua nani alilowa hadi kiunoni kwa ajili yake. Mwanzoni wanaume nao walikuwamo. Kisha wakaipima kazi, kuinama kwake na bei yake, wakaondoka kwa heshima zote, na leo wakulima walio wengi mno ni wanawake. Ukiuliza kwa nini wanaume hawalimi mwani, utaambiwa ni kazi ya wanawake. Ukiuliza kwa nini ni ya wanawake, utaambiwa kwa sababu wanaume hawailimi. Hoja hii haina mwanzo wala mwisho, na ndiyo maana imekaa barazani kwa muda mrefu namna hiyo bila kuchoka.

Kina mama hawakioni kipupwe kwa jicho la baraza. Machi bahari huku hukaribia nyuzi 30, na maji yakipata joto kiasi hicho mwani huugua: unakuwa mweupe, unakatika, unakwenda na maji. Agosti bahari imeshashuka kwenye 25 hivi. Mtu wa baraza akitaja kupoa huko anatetemeka. Mwenye shamba anashukuru, ingawa naye ana lake la kusema juu ya kusi, kwa sababu likizidi hukata kamba na kumtupia mavuno ufukweni, yote, yamechanganyika na majani ya bahari na ya jirani. Halafu huko ufukweni wanawake wawili watatambuana kamba zao kwa fundo. Usikaribie wakati huo. Mwongozo huu hauna ushauri kwa aliyekaribia.

Sasa, mgeni anaweza kuulizwa na mwanawe, au na nafsi yake usiku: vipi bahari moja iwafunge wanaume na kuwafungulia wanawake? Jibu lililoidhinishwa ni kwamba kina mama hawaendi baharini, wanakwenda pwani. Maji yakiwafika magotini, ni pwani. Yakiwafika kiunoni bado ni pwani. Yakiwafika kifuani, upepo unapuliza na mtoto yuko mgongoni kwa dada yake nchi kavu analia, hiyo ni pwani ya ndani. Bahari inaanza pale anapohitajika mwanamume. Jifunze jibu hili kwa moyo na ulitoe kwa uso mkavu. Mke wako akiwa ndiye aliyeuliza, usilitoe.

Wengine hushuka na mchokoo kutafuta pweza kwenye mashimo ya mwambani. Wanakwenda mbali kuliko wenye mwani na wanarudi wamechelewa zaidi, maji yakiwafuata nyuma. Pweza huyo huyo utamkuta jioni ndani ya supu, na barazani atasifiwa kwamba anatia nguvu za kiume. Nguvu za kufanyia nini, usiulize.

Na kuna makumbi. Mgeni atasikia harufu kabla hajaambiwa. Kina mama hufukia makumbi ya nazi kwenye mashimo ya ufukweni, miezi kadhaa, chini ya mchanga na mawe, maji yakienda na kurudi juu yake mpaka nyama yake ioze. Kisha huyafukua, huyapiga kwa vipande vya mti, hutoa usumba na kusokota kamba. Siku ya kufukua, kijiji kizima hubadilisha njia isipokuwa mgeni, ambaye hakuambiwa. Ukijikuta hapo, usizibe pua. Simama, salimia kila mmoja, uliza kazi inakwendaje, vuta pumzi ya kawaida. Atakayefaulu jambo hili atakuwa amepita mbele ya watu waliokaa hapa miaka kumi, na watamwita kwa jina lake. Kamba ile imara, wallahi. Ngalawa nyingi unazoziona zimelazwa mchangani zimefungwa kwayo, na kusi linazijaribu usiku kucha bila mafanikio.

Nisipotaja Paje nitakuwa nimeficha ushahidi. Mwendo mfupi tu kaskazini yetu, upepo huu huu uliowaweka wazee barazani unauzwa kwa saa. Wageni hufungwa ubao miguuni na tiara kubwa kiunoni, halafu kusi linawaburuta juu ya maji na kuwatupa, na wanalipa, na kesho wanarudi kutupwa tena. Vijana wetu ndio wanaowafundisha. Mtoto wa mvuvi, ambaye baba yake ameshasema bahari haiendeki, anaingia asubuhi na kutoka jioni na fedha mfukoni. Baba na mwana hawalizungumzi. Wanalizungumza kina mama, kwa sababu tiara ikianguka hutafuta mahali laini pa kuangukia, na mahali palipo laini pana kamba za mwani.

Samaki nitapita haraka. Ukienda diko mwezi wa Julai usiulize nguru, utaonekana unamkejeli mtu. Ndani ya mwamba kuna tasi, changu, pono, na ukichelewa kuna maelezo. Mnada ukianza, yule kijana aliyesimama nyuma kabisa, asiyepaaza sauti, ndiye mnunuzi wa hoteli. Akishatikisa kichwa kwa fungu unalolitaka, tikisa chako kwa masikitiko ukanunue dagaa. Muhogo wa nazi na dagaa wa kukaanga, kipupwe, hakuna hoteli itakayokushinda. Baada ya hapo uji wa pilipili manga. Mafua utayapata hata hivyo. Kila nyumba itakuletea dawa yake, na lazima uzitumie zote, au angalau urudishe vyombo vikiwa vitupu.

Katikati ya yote hayo inafika Julai na Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, kule Makunduchi, jirani zetu wa kusini. Hapa mgeni anahitaji maandalizi tangu Mei, kwani siku hiyo watu humaliza magomvi ya mwaka mzima, na mtu asiye na ugomvi atakosa la kufanya. Jitafutie mdogo, usio na deni ndani yake: mbuzi aliyekula mboga, kiti kilichoazimwa. Utunze vizuri. Usisuluhishwe kabla ya wakati, hata Sheha akikuita.

Siku yenyewe wanaume wa pande mbili hukabiliana uwanjani na kupigana kwa shina la mgomba. Kipigo ni cha kweli kiasi cha kuondoa kinyongo na si cha kweli kiasi cha kumpeleka mtu hospitali, ingawa mpaka kati ya hayo mawili hutegemea unene wa mgomba. Ndipo sweta lako la theluji litakapopata kazi yake halali. Wenye uzoefu huvaa makoti na kofia ngumu. Wewe na picha yako ya mnyama wa pembe mtatosha. Utaona ajabu nyingine: wale wale ambao tangu Mei hawakuweza kunyoosha goti kwa baridi, siku hiyo wanaruka. Kina mama nao wanazunguka wakiimba, na ndani ya nyimbo wanasema waziwazi kila kitu kilichonyamaziwa mwaka mzima, kuhusu waume, kuhusu wakwe, kuhusu watu wanaokaa sana. Ukisikia mstari unaokuhusu, piga makofi. Asiyepiga makofi ndiye atakayejulikana.

Kisha kibanda cha makuti huwashwa moto, na watu hutazama moshi unaelekea wapi wapate kujua bahati ya mwaka iko upande gani. Julai kusi linavuma kutoka kusini na moshi hauna hiari sana, lakini hilo si la kusema kwa sauti ukiwa umezungukwa na watu wenye migomba. Watu wanakwenda kuoga baharini, halafu wanarudi kula. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa imepungukiwa, kwa hiyo wewe ni bidhaa adimu. Kula nyumba ya kwanza kidogo. Wengi huharibikiwa kwenye nyumba ya kwanza.

Linabaki jambo la mwisho, nalo halina tarehe. Siku moja ya bamvua, baada ya wiki kadhaa za baraza, utakuwa unapita ufukweni na bi mkubwa yule wa kisimani atakuita kutoka majini.

— Maalim! Hebu njoo mwanangu, unishikie hili gunia.

Gunia la mwani mbichi halishikwi, linabebwa, na linavuja maji ya chumvi mgongoni kutoka unyayoni pa bahari hadi panapoanikwa. Huwezi kukataa, ameshakuita mwanangu. Vua soksi kwanza. Ingia. Utakapokuwa ndani ya maji hadi kiunoni, utagundua siri ambayo kina mama wameitunza tangu mwaka 1989: ndani ya mwamba, jua likishapanda, maji ni ya vuguvugu. Baridi yote ya kipupwe iko juu ya kiuno, na sehemu kubwa yake iko nchi kavu, barazani, ukutani pale pasipopigwa na upepo. Bibi atakuona umeelewa. Atacheka, atakuongezea gunia la pili.

Utakaporudi, nguo zimeganda chumvi, baraza litanyamaza na mmoja atakuuliza maji yalikuwaje. Fikiria vizuri. Hapo kuna watu wazima, wenye wake na wajukuu, waliojenga udhuru wao kwa uangalifu mkubwa, na una kiti ulichokipata kwa kahawa nyingi. Kwa upande mwingine kuna bibi, na gunia la tatu. Kunja mikono kifuani, vuta pumzi kwenye meno, sema maji yanakata mifupa, tena leo halijakaa sawa. Kisha waambie bibi anaulizia nani mwingine mwenye mgongo mzuri, uone watakavyokumbuka kalafati.